Herufi Tatu Kwenye Karatasi ya Mahakama

Karatasi imebandikwa mlangoni mchana, wazazi wakiwa kazini. Anayeikuta ni mtoto anayetoka shule, ambaye ndiye wa kwanza kufika nyumbani na ndiye anayesoma Kiingereza kuwashinda wote. Juu kabisa kuna jina la mahakama na jina la kaunti, Franklin. Chini yake kuna namba: mwaka, kisha herufi tatu, CVG, kisha tarakimu kadhaa. Mtoto anatambua jina la baba yake, anatambua alama ya dola, anaona tarehe ya wiki ijayo. Anaikunja, anaiweka juu ya friji. Baba akirudi usiku kutoka kazini anaambiwa kuna barua ya nyumba.

Herufi zile tatu zilikuwa zimeshasema habari yote. Katika mahakama za ngazi ya chini za jimbo la Ohio, CVG ni kesi ya kumtoa mpangaji ndani ya nyumba. Zingekuwa CVI, lingekuwa dai dogo la pesa. CVF ni kesi ya deni au mkataba. CRB ni kosa dogo la jinai, CRA ni kosa kubwa ambalo linaanzia tu hapo chini kabla ya kupanda juu. TRD ni kosa la barabarani, na TRC ni kuendesha gari mtu akiwa amelewa. Kila kundi la herufi lina hesabu yake ya siku. Aliyepata CVF ana siku 28 tangu kufikishiwa karatasi kuandika majibu na kuyapeleka kwa karani. Akinyamaza, mdai anaweza kupewa hukumu bila mdaiwa kusikilizwa. Aliyepata CVG hahitaji kuandika lolote ili kuitetea nyumba, lakini lazima afike siku iliyotajwa. Watu wawili wenye karatasi zinazofanana rangi na muhuri wanaweza kushindwa kwa sababu tofauti kabisa: mmoja kwa kutoandika, mwingine kwa kutofika.

Makala haya yanahusu Ohio kwa sababu miji yake, Columbus, Dayton, Akron na Cleveland, imepokea familia nyingi za wasemaji wa Kiswahili, hasa Wakongo waliopita kambi kama Nyarugusu ya Kigoma, pamoja na Watanzania na Wakenya waliokuja kusoma au kutafuta kazi. Majimbo mengine yana mahakama zenye majina mengine na siku nyingine. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika: Marekani haina mahakama moja.

Aliyekulia Tanzania Bara ana ngazi moja kichwani. Mahakama ya mwanzo iko chini, kisha ya wilaya na ya hakimu mkazi, kisha Mahakama Kuu, na juu ya zote Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu mmoja wa nchi nzima. Marekani kuna majimbo 50, na kila jimbo limejijengea ngazi yake. Kando ya hizo kuna mahakama za serikali kuu, zinazoshughulikia mambo kama kufilisika na sheria za taifa. Mambo yanayomgusa mtu kila siku, nyumba, mshahara unaodaiwa, mtoto, talaka, mwendo kasi, karibu yote yako mahakama za jimbo. Mahakama ya uhamiaji haimo katika ngazi yoyote kati ya hizo. Iko chini ya Wizara ya Sheria ya serikali kuu, na ya Ohio iko Cleveland. Karani wa Columbus hawezi kumsogezea mtu tarehe ya Cleveland, na anayekosa kufika Cleveland anaweza kuamriwa kuondolewa nchini bila ya kuwepo. Karatasi hizo mbili zisikae bahasha moja.

Maneno nayo yanapotosha. Mkalimani akisema "Mahakama Kuu", Mtanzania anafikiria ile ya majaji wa kanda. Ohio haina kitu hicho. Akisema "hakimu", Mkenya anaona afisa kamili anayetoa hukumu. Ohio ina jaji, ambaye amechaguliwa kwa kura, na ina hakimu, ambaye ni mwanasheria aliyeteuliwa na mahakama kumsaidia jaji kazi. Hakimu husikiliza kesi, huvaa joho, huandika uamuzi. Lakini uamuzi wake husimama jaji akiupitisha, na asiyeridhika ana siku 14 kuandika pingamizi kwa jaji. Wengi hawajui hilo. Hutoka chumbani wakidhani mambo yamekwisha, na zile siku 14 huyeyuka.

Ngazi yenyewe ni hivi. Chini kuna mahakama za manispaa na, mahali zisipofika, mahakama za kaunti. Juu yake, katika kila moja ya kaunti 88 za Ohio, kuna mahakama iitwayo Common Pleas. Juu ya hizo kuna mahakama za rufaa katika wilaya 12. Kaunti ya Franklin peke yake ni wilaya ya 10, Cuyahoga yenye Cleveland ni ya 8, Hamilton yenye Cincinnati ni ya 1. Kileleni kuna Mahakama ya Juu ya Ohio yenye majaji saba, jijini Columbus. Katiba ya kwanza ya jimbo, ya 1802, iliwataka majaji wa kilele waende kila kaunti kila mwaka, na walikwenda kwa farasi, katika nchi iliyokuwa bado msitu. Mambo yaliwekwa sawa kwa kiasi kikubwa mwaka 1968, wananchi walipopitisha marekebisho ya katiba yaliyoipa Mahakama ya Juu mamlaka ya kusimamia mahakama zote na kuziwekea kanuni. Ndiyo maana herufi CVG zina maana ile ile katika miji mingi ya jimbo.

Nyumba

Kesi ya nyumba huanza kabla ya mahakama. Mwenye nyumba lazima kwanza ampe mpangaji notisi ya maandishi ya siku 3 ya kumtaka aondoke, yenye maneno yaliyotajwa na sheria yanayomshauri mpangaji atafute msaada wa kisheria. Notisi hiyo si amri ya mahakama. Mpangaji hajafukuzwa kwa kuipokea, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadilisha kitasa, kukata maji au umeme, wala kutupa vitu nje ili kumlazimisha atoke. Sheria ya Ohio inamkataza waziwazi, na akifanya hivyo mpangaji anaweza kumdai fidia.

Siku 3 zikipita, mwenye nyumba anafungua kesi mahakama ya manispaa. Wito lazima umfikie mpangaji angalau siku 7 kabla ya siku ya kusikilizwa, na kuubandika mlangoni pamoja na kuutuma kwa posta kunahesabika kuwa umefika. Kwa hiyo kisingizio kwamba "sikuupokea mkononi" hakisaidii kitu. Tena, mara nyingi karatasi hiyo ina madai mawili ndani yake: la kwanza nyumba, la pili pesa za kodi au uharibifu. La kwanza ndilo lenye tarehe ya karibu. La pili linataka majibu ya maandishi ndani ya siku 28. Mtu anaweza kuhama kwa amani, akadhani amemaliza, na miezi baadaye akakuta mshahara wake unakatwa kwa hukumu ya lile dai la pili.

Siku yenyewe, kwenye mahakama kubwa, ni ya haraka. Kesi huitwa moja baada ya nyingine, na nyingi huchukua dakika chache tu. Jina likiitwa na mtu hayupo, kwa kawaida mwenye nyumba hushinda hapo hapo. Huko Columbus majengo ya mahakama za Franklin yamepangana South High Street, ya manispaa namba 375, mengine jirani yake namba 373 na 345, na ni rahisi mtu kuingia jengo lisilo la kesi yake, kupita ukaguzi, kupanda lifti, na kugundua kosa jina likiwa limekwisha kuitwa. Inafaa kufika saa nzima kabla. Mpangaji aje na mkataba, risiti au picha za malipo zilizochapishwa kwenye karatasi, ujumbe wa simu aliobadilishana na mwenye nyumba nao uchapishwe, kwa kuwa hakimu hatakuwa na muda wa kupekua simu.

Kuna kosa moja linaloumiza sana kwa sababu linafanywa kwa nia njema. Paa linavuja au joto limezimika Januari, mpangaji anasema: asipotengeneza silipi. Anazuia kodi. Mwenye nyumba anamshtaki kwa kutolipa, na mpangaji anakwenda mahakamani akiamini ana haki, kumbe haki hiyo ina njia yake. Njia ni hii: anaandika barua kueleza ubovu, anabaki na nakala yenye tarehe, anasubiri muda wa kutosha usiozidi siku 30, na kama hakuna kilichofanyika anaipeleka kodi yote, kwa tarehe yake ya kawaida, kwa karani wa mahakama. Karani anaishika. Mwenye nyumba akitaka pesa, atengeneze. Sharti ni kwamba mpangaji asiwe nyuma kwa kodi, na kwamba mwenye nyumba asiwe yule mdogo wa nyumba tatu au pungufu aliyemwarifu hivyo kwa maandishi. Pesa ile ile iliyokaa mfukoni ingemponza; ikikaa kwa karani inamlinda.

Pesa ndogo

Ndani ya mahakama hizo hizo za manispaa na kaunti kuna chumba cha madai madogo, Small Claims, cha kesi zisizozidi dola 6,000. Kiwango kilikuwa 3,000 hadi 2016 kilipoongezwa mara mbili. Wakenya wanaijua dhana hii tangu mahakama yao ya madai madogo ilipoanza kazi Nairobi mwaka 2021, ikipokea madai ya hadi shilingi milioni moja. Mtu hahitaji wakili. Anajaza fomu, analipa ada, anapewa tarehe. Hakuna juri. Hakuna kudai kwa matusi wala kuchafuliwa jina. Ni pesa tu.

Kesi inayofaa zaidi chumba hiki, kwa wapangaji, ni ya amana ya nyumba, ile inayoitwa dipoziti, ambayo Mkongo huiita garanti. Sheria inampa mwenye nyumba siku 30 baada ya mkataba kuisha na funguo kurudishwa: arudishe pesa, au aandike orodha ya alichokata na sababu. Asipofanya hivyo, mpangaji anaweza kudai kilichozuiwa bila haki, na kiasi kingine kama hicho juu yake. Tuseme mwenye nyumba amezuia dola 900 zisizo zake; dai linaweza kufika 1,800. Ila mpangaji awe amempa anwani yake mpya kwa maandishi. Sentensi moja kwenye karatasi, "amana yangu itumwe hapa", ikiwa na tarehe na nakala, ndiyo inayofungua mlango wa fidia hiyo mara mbili. Wengi wanahama usiku wa mwisho wa mwezi, wamechoka, wanaacha funguo mezani na hawaandiki kitu.

Kushinda ni jambo moja, kulipwa ni jingine. Mahakama haikusanyi pesa kwa niaba ya mshindi. Yeye mwenyewe hurudi kwa karani na kuomba mshahara au akaunti ya aliyeshindwa ikatwe, kwa fomu nyingine na ada nyingine. Ni vizuri kulijua hilo tangu siku ya kwanza na kuhifadhi, kwa mfano, nakala ya hundi ya mwenye nyumba inayoonyesha jina la benki yake.

Meya mwenye nyundo

Ohio na Louisiana ndiyo majimbo mawili peke yake ambako meya wa mji bado anaweza kuendesha mahakama. Anayekamatwa kwa mwendo kasi akipita kijiji kidogo anaweza kukuta karatasi yake imeandikwa Mayor's Court. Meya hahitaji kuwa mwanasheria, ingawa miji mingi huajiri hakimu akae kwa niaba yake.

Historia ya mahakama hizi inaeleza kwa nini mtu asiziogope kupita kiasi. Enzi za marufuku ya pombe, bwana mmoja jina lake Tumey alikamatwa karibu na Cincinnati na kufikishwa mbele ya meya wa North College Hill, akatozwa faini ya dola 100. Katika gharama za kesi, dola 12 zilikwenda kwa meya mwenyewe, na angelipwa tu kama angemtia mtu hatiani. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1927, kwa uamuzi ulioandikwa na Jaji Mkuu William Howard Taft, mzaliwa wa Cincinnati, ilisema hakuna haki pale ambapo anayehukumu ana faida mfukoni katika hukumu. Mwaka 1972, katika kesi ya kijiji cha Monroeville, mahakama hiyo ikaongeza kwamba hata kama pesa haziendi kwa meya binafsi, kijiji kikitegemea faini kwa sehemu kubwa ya mapato yake, meya hawezi kuonekana hana upande. Linndale, kitongoji cha watu 179 kwa sensa ya 2010, kilichojulikana kwa kuwatoza faini madereva wa barabara kuu ya I-71, kilipoteza mahakama yake mwaka 2013 sheria ilipotaka mji uwe na watu zaidi ya 200.

Faida ya vitendo ni hii: aliyehukumiwa na mahakama ya meya ana siku 10 kukata rufaa kwenda mahakama ya manispaa au ya kaunti, na kule kesi husikilizwa upya tangu mwanzo, kana kwamba ya meya haikuwepo. Rufaa ya kawaida haina ukarimu wa namna hiyo.

Maneno matatu ya mshtakiwa

Mwenye CRB au TRD huulizwa anajibu nini, na majibu ya kawaida Ohio ni matatu. Kukiri kosa. Kukana. Na la tatu, lisilo na jina la kawaida katika Kiswahili, la kutopinga: mshtakiwa hakiri kwamba ana hatia, ila anakubali kwamba mambo yaliyoandikwa na polisi yalitokea. Jibu hili la tatu linapendwa kwa sababu haliwezi kutumiwa dhidi ya mtu katika kesi ya madai, mathalani aliyegongana na gari. Ndugu na jamaa hulipendekeza: "sema hupingi, ulipe, uende kazini." Kwa raia, wakati mwingine ushauri huo ni sawa. Kwa asiye raia ni hatari, maana sheria ya uhamiaji hulihesabu jibu la kutopinga sawasawa na kukiri.

Kwa hiyo sheria ya Ohio inamtaka jaji, kabla ya kupokea jibu la kukiri au kutopinga katika kosa lolote lililo juu ya daraja la chini kabisa, amwambie mshtakiwa asiye raia kwamba hukumu inaweza kumletea kuondolewa nchini, kuzuiwa kuingia, au kunyimwa uraia. Maneno hayo husomwa haraka, kwa sauti ya mtu aliyeyasoma mara elfu. Mkalimani naye huyafukuza. Hapo ndipo pa kusimama. Mshtakiwa anaweza kuomba muda zaidi wa kufikiria, na wakili wake, tangu uamuzi wa Padilla wa mwaka 2010 katika Mahakama ya Juu ya Marekani, ana wajibu wa kumweleza athari za uhamiaji. Kila anayeweza kufungwa jela ana haki ya wakili wa bure kama hana uwezo. Kosa la daraja la chini kabisa, ambamo umo mwendo kasi wa kawaida, halina jela. Faini yake haizidi dola 150, mbali na gharama za kesi. Kwa kuwa halina jela, halina wakili wa bure. Kuilipa faini hiyo kwa posta au mtandaoni ni kukiri kosa. Kutofika kabisa ni kubaya kuliko vyote: hati ya kukamatwa inaweza kutolewa, nayo husubiri kimya mpaka siku gari litakaposimamishwa tena kwa taa iliyoungua.

Mahakama ya kaunti nzima

Common Pleas ni mahakama moja yenye mabega manne, na katika kaunti kubwa mara nyingi kila bega lina majaji wake. Kitengo cha kawaida kinashika jinai kubwa na madai yanayozidi dola 15,000, ambayo ndiyo kikomo cha mahakama za chini. Juri ya jinai kubwa ina watu 12. Ya madai ina watu 8.

Vitengo vingine vitatu ndivyo vinavyozigusa familia, na hapo kuna jambo moja linalostahili kusemwa kwa sauti. Leseni ya ndoa hutolewa na kitengo cha mirathi, na hudumu siku 60. Ndoa iliyofungwa na shehe au mchungaji sebuleni Columbus bila leseni hiyo, hata iwe na mahari, mashahidi na pilau la watu mia, haitambuliwi na Ohio. Jimbo lilikuwa likitambua ndoa za kuishi pamoja, lakini si zilizoanza tarehe 10 Oktoba 1991 au baadaye. Ndoa iliyofungwa kihalali Tanzania, Kenya au Kongo huheshimiwa. Ila ile ya sebuleni ina matokeo ambayo hayaonekani mpaka nyumba ivunjike: sheria ya Ohio inasema mama asiyeolewa ndiye peke yake mwenye malezi ya kisheria ya mtoto mpaka mahakama iamue vingine. Baba aliyejiona ni mume kwa miaka tisa anagundua, siku ya ugomvi, kwamba lazima aende kitengo cha watoto kuthibitisha ubaba na kuomba haki ya kumwona mwanawe. Wenye leseni wanakwenda kitengo cha familia, ambako anayeomba talaka awe ameishi Ohio miezi 6, na waliokubaliana kila kitu kwa maandishi husikilizwa kati ya siku 30 na 90 baada ya kupeleka maombi.

Kitengo hicho cha mirathi pia hubadilisha majina, na hii ni kazi kubwa kwa watu ambao jina lao liliandikwa vibaya na karani wa kambini na likawafuata hadi kwenye leseni ya udereva.

Nani wa kumwamini

Kwenye barabara nyingi za Columbus kuna vibao vinavyosema Notary. Mtanzania akiliona neno hilo anakumbuka mawakili wa nyumbani ambao mihuri yao husomeka wakili, notari na kamishna wa viapo. Mkongo anamkumbuka notari wa serikali. Ohio notari ni mtu yeyote aliyepata kibali cha kushuhudia saini. Hana ruhusa ya kushauri kuhusu kesi, na mtu wa jamii "anayejua makaratasi", awe mpole namna gani, hawezi kusimama mahakamani kumsemea mwingine. Katika sehemu kubwa ya jimbo, kesi za nyumba na madai hazina wakili wa bure kwa haki, ila kuna mashirika ya msaada wa kisheria kwa wenye kipato kidogo, na tovuti ya Ohio Legal Help ina fomu na maelezo ya kila kaunti. Karani wa mahakama naye ataeleza taratibu, ada na tarehe. Hataeleza kama mtu atashinda.

Karatasi nyingine inayozua hofu bure ni wito wa juri. Majina huweza kuchukuliwa hata kwenye orodha ya leseni za udereva, hivyo asiye raia anaweza kuitwa. Asinyamaze, na asitie alama kwamba ni raia. Ajaze sehemu inayosema si raia, arudishe, abaki na nakala. Aliyekwisha kula kiapo cha uraia ana wito mwingine tena: majaji wa Ohio, kuanzia wa manispaa anayeamua kesi za CVG mpaka saba wa kilele, huchaguliwa kwa kura kila miaka 6, na hawaruhusiwi kuanza muhula wakishafika umri wa miaka 70. Ni kwa kikomo hicho Jaji Mkuu wa Ohio, Maureen O'Connor, aliondoka mwisho wa 2022.

Rufaa ya kawaida ina siku 30 tangu hukumu. Majaji watatu huketi kuiamua. Hawaiti mashahidi, hawamsikilizi mpangaji akieleza upya paa lilivyovuja. Wanasoma rekodi ya kilichosemwa kule chini na kusikiliza hoja za mawakili. Kisichomo kwenye rekodi, kwao hakikutokea. Ndiyo sababu suala la mkalimani, ambalo wengi huliona dogo, ni zito kuliko karibu yote yaliyotangulia.

Kanuni za Mahakama ya Juu ya Ohio zinazitaka mahakama za jimbo zimpe mtu asiyejua Kiingereza vya kutosha mkalimani, bila malipo. Aombe mapema, kwa simu kwa karani siku ile ile karatasi ilipofika, na ataje lugha vizuri. Kusema "Kiswahili" peke yake hakutoshi kila mara. Mtu wa Bukavu au Uvira anasema avoka, tribinali, bayeri. Mkalimani wa Mombasa anasema wakili, mahakama, mwenye nyumba, na wanaweza kuongea nusu saa kila mmoja akidhani mwenzake ameelewa. Aseme: Kiswahili cha Kongo. Kama lugha ya moyoni ni Kibembe, Kinyarwanda au Kizigua cha Wabantu waliotoka Somalia, aitaje hiyo. Na yule mtoto aliyekuta karatasi mlangoni asiletwe kutafsiri. Si kazi ya mtoto kumwambia baba yake kwamba wanatolewa nyumbani.

Pale mbele, maneno yanarekodiwa tangu jina linapoitwa. Asiyeelewa ainue mkono wakati ule ule, asisubiri kutoka nje ndipo alalamike kwa jamaa kwenye gari. Aseme, kwa Kiswahili kama hana lugha nyingine, "Mheshimiwa, simwelewi mkalimani." Sentensi hiyo itaingia kwenye rekodi pamoja na saa yake, na kesi ikifika juu, majaji watatu wataikuta hapo.